Pedali ya ovadraivu kwa mpiga rithimu: niambie kwanza unachomeka kwa ampu gani

Wiki jana kijana mmoja kaniandikia inbox, "Bro niko na bendi ya roki hapa Nairobi napiga rithimu, nimeweka kapesa kidogo, ninunue Tube Screamer ama ningoje nipate kitu kali zaidi?" Hili swali naletewa sana na kila anayeuliza ananitajia jina la pedali ya ovadraivu, ile ya kuchana sauti ya gita, aliyoiona kwa video, ananitajia na gita lake, lakini ampu, yaani amplifaya, hataji. Na ampu ndio nusu ya jibu, pengine zaidi ya nusu.

Mi nimepiga rithimu ya roki hapa mjini kwa miaka na najua vile mambo huwa. Unafika klabu unakuta ampu ni ile ya transista, safi na baridi, imewekwa pale kwa sababu haivunjiki na haitaki fundi. Ampu ya valvu, ile yenye taa za kioo ndani, ni bahati yako siku hiyo. Sehemu zingine hakuna ampu kabisa, unaambiwa chomeka moja kwa moja kwa mixa. Sasa ushauri wote ule wa mtandaoni umeandikwa na watu wenye ampu ya valvu nyumbani, kwa hivyo ukiufuata jinsi ulivyo utaumia.

Mimi niliambiwa maneno na kiongozi wa bendi niliyokuwa nayo zamani, mbele ya wenzangu wote, ati hata nikizimwa hakuna mtu atajua. Sikumjibu. Lakini yale maneno hayajanitoka mpaka leo, nasema ukweli, kwa sababu mkono wangu ulikuwa sawa, taimingi ilikuwa sawa, mpiga ngoma mwenyewe alikuwa akinifuata mimi. Kilichokuwa kinanimeza ni kwamba mimi na mpiga solo tulikuwa na pedali moja aina ile ile, tumechomeka kwa ampu mbili za transista zinazofanana, sauti zetu zinakaa mahali pamoja na yeye sauti yake iko juu kuliko yangu. Niliondoka kwa hiyo bendi nikaamua nitajua hivi vitu vinafanyaje kazi ndani, sio kwa majina.

Tube Screamer, tuanze na hiyo. TS808 ilitoka mwishoni mwa miaka ya 70 na TS9 ikafuata 1982, Maxon wa Japani ndio walikuwa wanawatengenezea Ibanez. Kazi yake kubwa ni kukata besi kabla sauti haijachanwa, halafu inapunguza na trebo baadaye, kwa hivyo kinachobaki kimejaa katikati, pale karibu na hezi 700 na kitu (hezi ndio kipimo cha sauti nyembamba au nzito). Stevie Ray Vaughan, yule mpiga gita wa bluzi wa Marekani, alikuwa anaichomeka kwa ampu za Fender za valvu zikiwa juu sana, geini ya pedali (kiasi cha kuchana) iko chini, volyumu ndio iko juu. Yaani pedali inaisukuma ampu na valvu zenyewe ndio zinachana sauti. Sasa wewe chomeka hiyo hiyo kwa ampu ya transista iliyo safi, hakuna valvu ya kusukumwa, unabaki na ile sauti ya kati peke yake, nyembamba, haina tumbo. Halafu unaambiwa huskiki.

Lakini usiitupe pia. Kule kukata besi kuna maana kubwa kwa bendi. Waya mnene zaidi wa gita lako ni hezi 82, wa besi ni 41, na bas dramu pia inagonga huko chini. Ukijaza besi kwa gita ukiwa peke yako chumbani inasikika nono sana, mkiwa wote inakuwa tope. Kwa hivyo kama una ampu ya valvu ambayo tayari imeanza kuchana kidogo, nunua Tube Screamer au nunua Boss SD-1, hiyo imekuwepo tangu 1981 na bado inatengenezwa, ni ndugu yake wa karibu na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Hizo pedali za Klon za 1994 zinazouzwa maelfu ya dola wachana nazo bana, wenye nazo wengi wenyewe wanaweka geini chini kabisa na kusukumia ampu ya valvu, kazi ambayo SD-1 inaifanya vizuri.

Kama ampu ni ya transista, mi chaguo langu ni Boss BD-2, Blues Driver, ya 1995. Hii haikati besi kama ile nyingine, inapitisha juu na chini, na inafuata mkono, ukigonga taratibu inatulia ukigonga kwa nguvu inachana. Inakuwa kama yenyewe ndio ampu. ProCo RAT pia inakubali ukiweka geini chini, ila kumbuka kinobu chake cha filta kinaenda kinyume, ukizungusha kulia trebo inapungua.

Shoo ya juzi nilikuwa na hiyo BD-2, geini haikufika robo. Tulipomaliza saundi man akaja mwenyewe akaniuliza natumia nini, akasema hakuhitaji kugusa chaneli yangu usiku mzima. Kwa mpiga rithimu hakuna sifa inayozidi hiyo.

Na hapa ndio nataka mnisikie vizuri. Punguza geini. Punguza tena. Watu wanadhani rithimu ya AC/DC ni distoshoni nzito, kumbe mpiga rithimu wao Malcolm Young alikuwa hana pedali, gita la Gretsch lenye nyaya nene kwenda kwa Marshall, na geini ya kiasi tu. Uzito ulikuwa mkononi. Sauti ikichanwa, noti mbili zikiingia pamoja zinazaa noti zingine ambazo hukupiga. Ukipiga pawa kodi, noti ya msingi na ya tano, ile inayozaliwa inaangukia oktavu moja chini ya msingi ndio maana inasikika kubwa. Ukiongeza ya tatu na geini iko juu, zinazozaliwa ni nyingi na nyingine hazipatani na kodi, inakuwa kelele. Kwa hivyo geini yako ikiwa ndogo unaweza kupiga kodi nzima na kila waya ukasikika. Wasikilize Les Wanyika, gita la rithimu la Omar Shabani, hakuna distoshoni pale na wimbo wote umelilalia. Rithimu sio kazi ya aliyeshindwa na solo, wacheni hiyo dharau.

Ukienda dukani beba gita lako mwenyewe na uombe ampu inayofanana na ile utakayopigia. Weka pedali ikiwashwa na ikizimwa zitoe sauti sawa kwa ukubwa, kwa sababu sikio linapenda chenye sauti kubwa hata kama ni kibaya. Na usiamue kwa sauti ya chini, ukipiga chini sikio halisikii besi na trebo vizuri, utaziongeza, halafu stejini zitakurudia.

Wanaochomeka kwa mixa moja kwa moja, hapo hakuna ovadraivu itakayokuokoa peke yake. Spika ya gita huwa inakata zile sauti za juu kuanzia hezi elfu 5 hivi, mixa haikati, kwa hivyo unasikia mvumo kama wa nyuki. Tafuta kifaa cha kuiga spika ukiweke baada ya pedali, hata cha bei ya chini, au beba kiampu chako kidogo uombe maiki mbele yake.

Na adapta, tafadhali. Pedali hizi nyingi ni volti 9 na hasi iko katikati ya plagi. Zile adapta za kugeuza volti na plagi zinazouzwa kila mahali zinaweza kuwa zimegeuzwa upande mwingine, na zingine zinaleta ule mvumo wa stima ukidhani pedali ni mbovu. Soma mchoro ulioko kwa adapta kabla hujachomeka, na ukijaribu pedali mtumba nenda na betri mpya ya volti 9 mfukoni.