Baridi yetu si kali, ila jioni hatuna

Ndugu zangu,

Tangu tulipotuma picha za watoto wakicheza bustanini mwezi wa Januari, maswali yamekuwa yaleyale. Theluji iko wapi? Kama watoto wanatoka na sweta na koti jepesi tu, hiyo baridi tunayoisema kila mwaka ni ipi? Binamu yangu akaongeza swali zito zaidi: kama hali ya hewa ni nzuri kiasi hicho, mbona tunasema hatuonani na marafiki, na mbona simu zetu zimekuwa za kubahatisha? Nimeona nijibu yote kwa pamoja, tena bila kuficha, kwa sababu wapo wawili kati yenu wanaojiandaa kuja kuishi huku.

Theluji kwanza, kwa kuwa hiyo ni rahisi. Sisi tuko London, na hapa majira ya baridi mengi hupita bila theluji ya kutosha hata kufunika nyasi. Januari, ambao ndio mwezi wa baridi zaidi, mchana joto hufika nyuzi 8 hivi na usiku hushuka hadi karibu 3. Ukitazama ramani utashangaa: London iko kaskazini zaidi kuliko Montreal ya Kanada, mji ambao watu wake huishi na theluji miezi kadhaa. Kinachotuokoa sisi ni bahari. Upepo mwingi hutujia kutoka kusini magharibi, unavuka Atlantiki juu ya maji yaliyotoka pande za joto, na unapofika kwetu unakuwa umebeba uvuguvugu na mvua. Desemba ya 2015 wastani wa nchi nzima ulikaribia nyuzi 8, ikawa Desemba yenye joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Uingereza, na maua ya daffodili yaliyozoeleka kuonekana karibu na Machi yalichanua kabla ya Krismasi. Kwa hiyo anayewaambia kwamba London mtu anaganda kila siku anatia chumvi. Koti zuri, viatu visivyopitisha maji, na unatembea vizuri tu.

Tatizo letu ni giza.

Mnamo tarehe 21 Desemba jua huchomoza hapa baada tu ya saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Urefu wa mchana mzima haufiki saa nane. Tena mara nyingi hilo jua lenyewe hulioni, maana wingu limetanda tangu asubuhi na manyunyu hayakatiki. Watoto wanatoka shule saa 9 na robo. Tukipitia dukani, tunafika nyumbani taa za barabarani zimeshawaka. Mdogo wetu akiwa na miaka mitatu alikuwa akiona dirisha limekuwa jeusi anakwenda kuchukua nguo zake za kulalia, na ilitubidi tumweleze kila siku kwamba bado hajala, bado hajacheza, usiku wa kulala haujafika.

Sasa fikirini maana yake kwa mahusiano ya watu. Mambo mengi ya kifamilia na ya urafiki hufanyika jioni, mtu akishatoka kazini. Jioni ndipo unapopita kwa mwenzako bila sababu, mnakaa nje, mnasikilizana. Juni huku tunazo hizo jioni, jua linazama saa 3 na dakika 20 usiku na bustani zinajaa watu. Lakini kuanzia mwisho wa Oktoba, saa za nchi nzima zikirudishwa nyuma kwa saa moja kama ilivyo kila mwaka, jioni inaondoka ghafla. Wiki moja unatoka kazini kuna mwanga, wiki inayofuata unatoka kwenye giza. Mtu aliyechoka, akaona nje ni giza na mvua, hatoki tena, hata kama kipimo kinasema nyuzi 10 na wala hatetemeki. Jirani yetu wa mlango wa pili tulimwona Oktoba akiwa mjamzito, na tulipokuja kusimama naye kuzungumza vizuri mtoto alikuwa ameshaanza kukaa. Ni watu wema, na sisi tunawapenda. Kila mmoja alikuwa ndani kwake tu.

Mume wangu anafanya kazi ya zamu kwenye ghala, mimi nahudumia wazee majumbani. Zipo wiki ambazo yeye haoni mwanga wa mchana mpaka siku yake ya mapumziko. Moyo unakuwa mzito bila msiba wala ugomvi. Unalala sana na bado unaamka umechoka. Zamani nilidhani ni upweke wa ugeni peke yake. Baadaye nikasoma habari za Norman Rosenthal, daktari aliyetoka Afrika Kusini akahamia Marekani, akagundua kwamba yeye mwenyewe nguvu zinamwishia majira ya baridi ya huko na kumrudia siku zikirefuka. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakaandika kitaalamu kuhusu huzuni inayokuja na majira. Ilinifariji sana kujua kwamba aliyelifungua jambo hili ni mtu aliyetoka kwenye jua kama sisi. Nawaambia hili waziwazi kwa sababu tunapopiga simu na sauti zetu ziko chini, mnauliza kama tumefukuzwa kazi au kama ndoa ina matatizo. Mara nyingi hapana. Ni Januari.

Na vitamini D ni kweli, si biashara ya wauza dawa. Serikali ya hapa inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku majira ya vuli na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kufanya hivyo mwaka mzima, kwa sababu jua la huku halitutoshi.

Jambo lingine ambalo picha hazionyeshi ni unyevu. Baridi kavu ya kugandisha ina ugumu wake, lakini hii yetu ya uvuguvugu na mvua inaingia kwenye kuta. Nguo huwezi kuanika nje, kwa hiyo zinakauka sebuleni, na maji yote yanayotoka kwenye nguo, kwenye sufuria na kwenye pumzi za watu watano yanakwenda kutua kwenye kioo cha dirisha na pembe za chumba. Hapo kuvu inaota. Anayeogopa bili ya gesi anafunga madirisha ili joto lisitoke, na kwa kufunga anazidi kuilisha. Hili si suala la usafi wa mama mwenye nyumba, na msikubali mtu awaambie hivyo. Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, alifariki huko Rochdale, mji wa kaskazini mwa England. Wazazi wake walitoka Sudan na walikuwa wamelalamika kuhusu kuvu kwenye nyumba yao ya kupanga. Mwaka 2022 uchunguzi rasmi wa kifo chake ukasema chanzo kilikuwa kuishi muda mrefu ndani ya kuvu hiyo. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ambayo sehemu yake inaitwa kwa jina lake, inayotaka wenye nyumba za kijamii, yaani nyumba za kodi nafuu za halmashauri na mashirika, wachunguze na kurekebisha ndani ya muda uliowekwa. Nikimfikiria yule mama nakosa maneno. Mkija, chumba mtakachoonyeshwa cha kupanga, angalieni nyuma ya kabati na chini ya dirisha kabla ya kuweka saini, na mkiona weusi ukutani ondokeni. Mkishakaa, fungueni madirisha dakika kumi asubuhi hata kama roho inauma, na malalamiko yoyote kwa mwenye nyumba yawe ya maandishi, yenye tarehe na picha.

Mama alipokuja kututembelea alikaa karibu na kikomo cha viza yake, yaani miezi sita, na alitukuta Novemba. Tulifikiri tumempa zawadi. Nyumba ina joto, chakula kipo, televisheni ipo. Sisi tukaenda kazini, wajukuu wakaenda shule, naye akabaki na dirisha. Hakulalamika hata siku moja kuhusu baridi. Alichouliza ni watu wako wapi, kwa sababu aliona magari yanapita na hakuona mtu wa kumsalimia. Ilimuuma, na sisi ilituuma zaidi kwa sababu hatukuwa na jibu la haraka. Kilichobadilisha hali ni dada mmoja wa Kikenya anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu. Alimpitia akampeleka maktaba ya mtaa, ambako asubuhi wazee wanakutana. Tangu majira ya baridi ya 2022, bei za nishati zilipopanda baada ya vita vya Ukraine, maktaba, makanisa na misikiti mingi ilifungua milango kama mahali pa kujipasha joto, na mengine yameendelea na utaratibu huo. Mama hakuwa na Kiingereza kingi, lakini alipata chai, kiti, na wanawake wa rika lake waliotoka nchi mbalimbali, kila mmoja na sufu zake za kufuma. Akaanza kuvaa mwenyewe kabla hatujaamka.

Tuliyojifunza kwake ndiyo yanayotuweka sawa mpaka leo. Majira haya urafiki hauji wenyewe, unapangwa. Najua neno hili linawaudhi. Mtu kuuliza kama anaweza kuja Jumamosi ya wiki ijayo saa 7 mchana mnaona ni ukavu wa Wazungu tuliouiga. Mimi naona ni upendo. Mwenzangu ana zamu, nami nina zamu, mwanga ni wa saa chache, basi la kwenda kwake linachukua saa nzima. Akitenga hiyo Jumamosi kwa ajili yangu amenipa kitu kikubwa. Sisi tuko familia nne tunaozunguka. Kila baada ya wiki mbili nyumba moja inapokea wengine wote, tunafika mchana ili watoto wapelekwe bustanini kabla giza halijaingia, halafu tunabanana sebuleni. Watu kumi na sita kwenye chumba kimoja hawahitaji hita. Madirisha yanatoa jasho, watoto wanalala wamerundikana kama vifaranga, na wakubwa tunaongea Kiswahili mpaka koo zinakauka. Watoto wetu wameijua lugha kwa sababu ya hizo Jumamosi kuliko kwa sababu ya masomo yoyote tuliyojaribu kuwapa.

Krismasi inahitaji mpango wa peke yake, na hili wengi hawalijui. Tarehe 25 Desemba hakuna basi la London, hakuna treni ya chini ya ardhi, wala treni za kawaida hazitembei. Jiji la mamilioni ya watu linasimama. Asiye na gari na hakujipanga anabaki alipo, na nimewahudumia wazee waliokuwa peke yao siku hiyo kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo sisi tunakusanyika tarehe 24 kabla ya usafiri kukatika, tunalala kwenye magodoro sakafuni, na tunarudi makwetu tarehe 26 au 27. Mwenye gari kati yetu ana orodha ya wanafunzi na vijana wapya waliofika mwaka huo, anawazungukia. Kijana wenu akifika huku, jina lake litaingia kwenye orodha hiyo, hilo nawaahidi.

Kuhusu simu, binamu yangu, tafadhali tuelewe hivi. Majira ya baridi ninyi mko mbele yetu kwa saa tatu, badala ya mbili za kiangazi. Mimi nikimaliza kulaza watoto saa 2 na nusu usiku, kwenu ni saa 5 na nusu, na mama ameshalala. Ukiona siku tatu kimya, usihesabu kwamba tumewasahau. Siku nzuri ni Jumapili, saa 6 mchana kwetu na saa 9 alasiri kwenu, watoto wakiwa wamechangamka na mwanga upo. Jumapili ya mwisho ya Machi tofauti inarudi saa mbili, na hapo mtatuona hata siku za kazi.

Na ninyi wawili mnaokuja. Kama mnaweza kuchagua, fikeni Agosti au Septemba, msifike Novemba. Mnahitaji wiki kadhaa za mwanga ili mjue mitaa, mjue nani ni nani, mpate kanisa au msikiti, mpate watu wa kuwapigia simu kabla giza halijawafungia ndani. Fedha za koti msiziharakishe huko, makoti mazuri ya mitumba yapo huku kwenye maduka ya hisani, yale yanayouza vitu vilivyotolewa na watu ili kuchangia misaada. Ila msikate tiketi ya kufika tarehe 25 Desemba hata kama ni rahisi kuliko zote, na mkishaipata tiketi nitumieni tarehe mapema, ili niombe siku ya mapumziko nije kuwapokea mwenyewe.