Muulize Mjomba Kanda: Usimkate mtangazaji

*Shikamoo Mjomba. Marehemu kaka yangu ameacha boksi la kaseti alizorekodi redioni miaka ya tisini, nyingi ni vipindi vya rap vya Radio One. Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta. Nyimbo nyingi naona zipo mtandaoni, na karibu nusu ya kila kanda ni mtangazaji anasoma salamu na matangazo ya biashara. Si nikate tu hizo porojo nibaki na muziki?*
*Mpwa wako, Kihonda, Morogoro*

Marahaba mpwa wangu, na pole kwa msiba. Mkasi weka chini kwanza. Wimbo wa Snoop aliourekodi kaka yako upo kila kona, tena safi kuliko wa kwenye kaseti. Kisichopatikana popote ni mtangazaji anayesema kuna vijana wa Temeke wameacha kanda yao mapokezi, hebu tuisikie, halafu inapigwa mara moja na haisikiki tena maisha.

Tanzania Bara tulikuwa na redio ya serikali, RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), peke yake hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Saleh Jabir alipotoka na rap yake ya Kiswahili mwaka 1991, sisi wa vibanda vya kudabu tuliuza nakala ya nakala ya nakala, mpaka sauti ikachuja. Radio One ilipoanza mwaka 1994, na ile DJ Show ya kina Taji Liundi na baadaye Mike Mhagama, vijana wakapata mahali pa kupeleka demo, yaani rekodi zao za majaribio. Stesheni nyingi, si za kwetu tu, hazikuwa na utaratibu wa kutunza kipindi cha kila siku. Kikishapita hewani, kimepita. Aliyebaki nacho ni mtu wa aina ya kaka yako, aliyekaa karibu na redio kidole kikiwa juu ya kitufe chekundu.

Hata huko New York ilikuwa hivyo hivyo. Stretch Armstrong na Bobbito walifanya kipindi usiku wa manane kwenye WKCR 89.9 FM, redio ya Chuo Kikuu cha Columbia, kuanzia 1990 hadi 1998. Nas na Notorious B.I.G. walipita pale kabla hawajatoa albamu. Mwaka 1995 Big L na Jay-Z walichana mitindo huru ambayo watu wanaisikiliza hadi leo. Vipindi vile vilivuma mbali na mji ule kwa sababu wasikilizaji walivirekodi majumbani na kupeana kanda mkono kwa mkono. Na ukisikiliza, utani wa wale watangazaji wawili ndio unaokufanya ujue uko usiku gani.

Halafu tarehe iko humo humo kwenye porojo. Kaka yako pengine hakuandika mwaka kwenye ganda (wachache sana waliandika, tuliandika "RAP KALI 3" tukaona inatosha). Sikiliza matokeo ya Simba na Yanga yakisomwa, maana mechi ina tarehe. Sikiliza msanii anaitwaje: akitajwa 2 Proud, uko katikati ya miaka ya tisini, akiwa Mr. II umesogea mbele. Huyo ni mtu mmoja, Sugu, aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya yote vunja vile vijino viwili vya juu ya kaseti, mtoto asije akarekodi juu yake. Safisha kichwa cha deki, kile kinachogusa utepe na kuusoma, kwa pamba na alkoholi ya isopropili, si ile spiriti ya rangi. Peleka utepe mbele hadi mwisho na urudishe mara moja ndipo upige. Kama sauti inasikika kama imefunikwa blanketi, usikimbilie kuongeza treble kwenye kompyuta. Pembeni mwa kichwa kuna kiskrubu; kigeuze polepole sana kwa bisibisi ndogo huku unasikiliza herufi "s" za mtangazaji, usimame zinapochomoza kali. Kila kanda ina mahali pake, kwa hiyo utageuza tena. Kisponji kilicho chini ya utepe kikiwa kimedondoka, fungua skrubu za ganda uhamishie utepe kwenye ganda zima. Rekodi faili la WAV, biti 24, upande mzima bila kukata. MP3 ni ya kurushia marafiki.

*Mjomba, nina demo ya kundi letu la shule. Redio ikiipiga, sauti zetu ni nzito, zinajivuta kama za majini, na upande B maneno yanakwenda kinyumenyume. Fundi wa hapa kasema imekufa, nitupe.*
*Baba Rehema, Tanga*

Msalimie mama Rehema. Kanda yako nzima kabisa! Mlirekodia kwenye mashine ya treki nne, kama zile Portastudio zilizoanza kutoka mwaka 1979. Kaseti ina njia nne za sauti, mbili za A na mbili za B. Mashine ile inazitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja, ndiyo maana B inasikika kinyume. Nyingi pia zilikimbiza utepe sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.76, ndipo majini yanapoingia.

Hamisha pande zote mbili kwa stereo. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, igeuze B, ongeza kasi ya zote mara mbili, kisha zipange pamoja. Zitapishana kidogo, kwa sababu deki haikimbii sawasawa mara mbili, hivyo panga upya kila baada ya ubeti. Sauti ikiwa inapumua, inapanda na kushuka yenyewe, mlitumia dbx, mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe, na hapo itabidi utafute mashine yenye dbx. Mkifanikiwa, mtasikia mdundo peke yake na kila mchanaji peke yake, kitu ambacho wenye demo iliyokwishachanganywa hawanacho.

*Mjomba, mpangaji wetu wa zamani alituachia demo ya kundi la Dar. Kuna mtu ananipa hela nzuri. Niuze?*
*Wa Muscat*

Hata ganda ungemuuliza kwanza mpangaji. Sauti iliyomo ndiyo si yako kabisa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 ina wenyewe, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania, wanaweza kukuelekeza. Watafute wachanaji, wape nakala, wakubaliane na huyo mnunuzi wenyewe. Nakala ifanye leo, kabla kaseti haijatoka nyumbani kwako, na upige picha mwandiko wa kwenye karatasi pande zote mbili.