Alopesia areata na mawazo
Kuna wanaosema alopesia areata, yaani nywele kunyonyoka kwa viraka, inaletwa na mawazo. Hapana, haiji kwa sababu ya mawazo tu, ni kinga ya mwili yenyewe inashambulia mizizi ya nywele, ndo maana unakuta kiraka cha duara kimetokea ghafla, laini kabisa. Ila uhusiano na afya ya akili upo kweli na unaenda pande zote mbili, tafiti zimeonyesha wenye hali hii wanapata sonona na wasiwasi zaidi kuliko wengine, na wenye sonona nao wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuipata. Stresi inaweza kuchochea kwa baadhi, sio wote. Kwa hiyo kumwambia mtu "acha mawazo zitaota" ni kumuumiza bure jamani, aonane na daktari wa ngozi, na kama halali usiku au anajifungia ndani amwambie hilo pia.