Mafuta ya lori: kabla hujamkata dereva mshahara

Barua za wiki hii zote zinahusu semi treila na mafuta. Nimeendesha barabara ya Dar–Tunduma miaka mingi kabla ya kukaa yadi, kwa hiyo najibu kama dereva na kama msimamizi.

Nina semi mbili zinazofanana, zinapakia bandarini Dar kwenda Tunduma. Moja inatoa kilomita 2.1 kwa lita, nyingine 1.7. Huyu dereva wa pili ananiibia? – Mmiliki, Morogoro

Inawezekana, ndugu yangu, ila hesabu hiyo haijathibitisha. Dar hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Gari la kwanza linakula lita 443, la pili 547. Lita 104 kwa kwenda tu ni fedha nyingi, naelewa hasira yako.

Anza na mzigo. Makambako iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kupandisha tani 50 kutoka bandarini hadi kimo hicho kunakula lita 50 hivi, mbali na mafuta ya kwenda mbele. Gari zima likiwa na tani 30, ni lita 30. Kama mmoja anabeba saruji na mwenzake bidhaa nyepesi, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Kisha pima vizuri. Jaza tenki hadi shingoni, gari likiwa mahali tambarare, andika kilomita, na likirudi jaza tena pampu ileile. Fanya hivyo safari tatu, halafu wabadilishane magari. Ile 1.7 ikibaki na gari, mpigie fundi. Ikimfuata dereva, kaa naye chini mzungumze.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kuona dereva anakatwa mshahara miezi mitatu kwa mafuta ambayo hakuyagusa. Tulipokagua gari lake, bomba la mpira la intakula (kifaa kinachopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini) lilikuwa na mpasuko mdogo kama ukucha, upande wa chini. Gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini inanguruma taratibu, huoni kitu. Likianza kupanda, turbo ikisukuma hewa, mpasuko unafunguka na hewa inatoka kwa mlio mwembamba. Alama pekee ilikuwa michirizi ya mafuta na vumbi kwenye fremu. Yule dereva alishaacha kazi, na zile fedha hakurudishiwa. Bado linaniuma.

Shikamoo mzee. Wenzangu wakifika mteremkoni wanatoa gia, gari linashuka lenyewe. Wanasema wanaokoa mafuta. – Dereva, Iringa

Marahaba mwanangu. Wamekosea, na ni hatari. Ukishuka na gia, mguu ukiwa umeachia mafuta, matairi ndiyo yanayozungusha injini, na injini za kisasa zinakata mafuta kabisa. Ukitoa gia, injini inabidi ichome mafuta ili isizime. Kwa hiyo nyutro ndiyo inayokula zaidi. Halafu breki zinabeba tani zote peke yake, zinachemka na kuacha kushika. Pale mteremko wa Kitonga ingia na gia ndogo na breki ya injini tangu juu, kabla mwendo haujakushinda.

Tukiwa kwenye foleni ya mpakani tunaacha injini inanguruma usiku kucha. Inakula kiasi gani? – Utingo, Tunduma

Injini kubwa ikiwa sailensa inakula kama lita 3 kwa saa. Saa nane ni lita 24, karibu kilomita 50 za gari lenye mzigo. Ukitoka kupanda mlima, ipe dakika tatu turbo ipoe, kisha zima. Mabosi nao wasikilize: mtu analala ndani ya kebini yenye joto na mbu. Mnunulieni chandarua na feni ndogo ya betri. Ni rahisi kuliko lita 24 kila usiku.

Bosi ananipigia simu kila saa niongeze mwendo. Nifanyeje? – Dereva, Chalinze

Mpe hesabu. Kilomita 100 za barabara nyeupe kwa mwendo wa 80, ambao ndio mwisho wa sheria kwa lori, ni dakika 75. Ukienda 100 ni dakika 60. Umeokoa robo saa, ambayo foleni ya mzani mmoja wa kupimia malori inaimeza, na ukinzani wa upepo umepanda kwa zaidi ya nusu.

Kinachokula sana ni kusimama na kuondoka. Kutoa tani 50 kwenye kusimama hadi mwendo wa 80 kunachoma karibu lita nzima. Kwa hiyo ukiona kibao cha 50 cha kijiji, au foleni ya mzani kwa mbali, achia mafuta mapema gari lijipunguze lenyewe. Ukifika, foleni imeshasogea, hata kusimama husimami. Kwa mazoea hayo nawatambua madereva wazuri nikiwa nimekaa pembeni yao.

Gari linatoa moshi mweusi likipanda. Ni kawaida? – Dereva, Mbeya

Hapana. Huo ni mafuta ambayo hayakuungua. Anza na filta ya hewa, hasa kama mnapita barabara za vumbi, kisha mabomba ya intakula, ndipo uende kwenye nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Fundi akianza kwa kukuuzia nozeli kabla hajafungua filta, tafuta mwingine.

Upepo wa tairi nipime lini? – Utingo, Makambako

Asubuhi, tairi zikiwa baridi, kwa geji. Kuzigonga kwa nyundo kunakuonyesha iliyokwisha kabisa tu. Tairi za ndani za trela zisirukwe.