Wawili wa kufuga nyumbani Lamu: njiwa au sungura?

Dadangu wa Langoni, nimekuelewa: watoto wanataka wanyama wadogo wawili wasiokaa kwa upweke, ua wenu ni mdogo, na paka wa mtaa hawabanduki ukutani.

Mimi ningeanza na njiwa. Dume na jike wakishapatana hawaachani kirahisi. Jike hutaga mayai 2, wanayalalia kwa zamu siku 18 hivi, dume mchana, jike usiku. Watoto watagombania kuona zamu ikibadilishwa.

Sungura nao hawapendi kuishi pekee, ila hapo ndipo wengi tunaingia mkenge. Muuzaji aliniapia kwamba wangu ni majike wote. Asubuhi moja nikamkuta mmoja anajinyonyoa manyoya ya kifuani, anatandika kiota. Haya! Mimba ni kama siku 31, na akizaa anaweza kushika nyingine siku hiyo hiyo. Madume wawili wakikomaa hung'atana vibaya. Chukua majike ndugu wa uzao mmoja, au jike na dume aliyehasiwa. Kuhasi ni kazi ya daktari wa mifugo, usimpe mtu wa wembe.

Kaskazi ikikaza, banda liwe kivulini penye upepo. Ukimwona sungura anahema mdomo wazi, mloweshe masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na umpeleke kwa daktari mara moja. Wavu uwe wa matundu madogo; paka wa Lamu hupenyeza mkono mpaka bega.

Ndege wa mwituni wanaouzwa vichochoroni waache. Kuwafuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa.