Tumegawa shamba la mjane nusu kwa nusu, je hiyo ni sulhu?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe wangu. Mimi ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji, huku Handeni. Kuna mama kafiwa na mumewe, jirani akang'oa minyaa ya mpakani akaingia ndani kama hatua 12 hivi, akapanda mihogo. Tulipoenda shambani wazee wawili wakasema mpaka ni penye mwembe, na mashina ya minyaa tuliyaona kwa macho, lakini mwenyekiti wetu akasema gaweni nusu kwa nusu yaishe, sulhu ni kheri. Mama akanyamaza, akaweka dole gumba. Baadae nikasikia jirani alitoa hela ya soda, na mimi nilishapewa elfu tano nikajua nauli. Roho inanisuta. Ile sulhu inafaa? Na mihogo ni ya nani?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Ndugu yangu, hapo hamkusuluhisha, mmemega haki ya mama wa watu mkampa aliyeivamia.

Ni kweli Allah kasema sulhu ni kheri, Suratun Nisaa aya ya 128, lakini Mtume s.a.w. kasema pia sulhu inajuzu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali, kapokea Tirmidhi. Kugawana kunakuja pale haki isipojulikana, kama wale watu wawili waliokuja kwa Mtume na ugomvi wa mirathi ya zamani, hakuna mwenye ushahidi, akawaonya moto mpaka wote wakalia kila mmoja anasema haki yangu achukue mwenzangu, ndo akawaambia wagawane na wasameheane. Nyie ushahidi mlikuwa nao, wazee wawili na mashina yamo ardhini, sasa mnagawa nini?

Tazama kisa cha Zubeir na Answari mmoja, yaani mwenyeji wa Madina, waliogombea maji ya kumwagilia mitende. Mtume mwanzo alimwambia Zubeir amwagilie kidogo kisha amwachie jirani, hiyo ilikuwa sulhu, Zubeir anapunguza haki yake kwa hiari. Answari alipokasirika akasema ni kwa sababu ni mtoto wa shangazi yako, Mtume akamhukumia Zubeir haki yake kamili. Yani anayepunguza ni mwenye haki mwenyewe kwa kuridhia, siyo baraza limpunguzie.

Na kunyamaza kwa yule mama msikuite ridhaa. Mjane amekaa mbele ya wakubwa wa kijiji, anajua kesho atawahitaji hao hao kwenye maji na msiba, atasema nini? Hili linaniuma sana. Sheria ya nchi yenyewe, ile ya ardhi ya vijiji, inataka baraza liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Je siku ile walikuwepo na walisikilizwa, au walisainishwa tu?

Huyo jirani aambiwe waziwazi hadithi ya Bukhari na Muslim, anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama, shubiri ndugu yangu, yeye kachukua hatua 12! Na Mtume amesema Allah kamlaani anayebadilisha alama za mpaka.

Hiyo elfu tano irudishe kwa aliyekupa, mbele ya shahidi. Mtume alipoambiwa na mkusanya zaka kwamba hiki nimepewa zawadi, alisema si angekaa nyumbani kwa baba yake aone kama ataletewa. Wewe usingekuwa mjumbe, nani angekupa?

Kisha mwendee mama umwambie ukweli kwamba baraza la kijiji kazi yake kusuluhisha tu, halihukumu, asiporidhika anaenda kata, na kata nayo tangu 2021 inasuluhisha tu, ikishindikana ndo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wewe simama utoe ulichokiona kwenye yale mashina hata kama mwenyekiti atanuna, maana Allah kasema msifiche ushahidi, anayeuficha moyo wake una dhambi, Suratul Baqara 283.

Kuhusu mihogo, kwa madhehebu yetu ya Shafi ni ya aliyepanda kwa kuwa mbegu ni yake, lakini anatakiwa aing'oe, arudishe ardhi ilivyokuwa, na amlipe mama ujira wa muda wote aliolikalia shamba. Kwa hiyo vijana wa mama wasiende kuifyeka usiku, wasubiri kikao.

Wallahu aalam.