Kiwanja cha biashara Ihumwa: nianze na kifusi au na mabomba?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nina kiwanja cha mita za mraba 3,000 upande wa Ihumwa, Dodoma, kama mita 50 kwa 60, si mbali na barabara kuu ya Morogoro. Nataka kujenga jengo la ghorofa moja mbele (maduka chini, ofisi juu) na ghala nyuma. Udongo ni mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na kiwanja kinateremkia nyuma kwenye korongo. Fundi ananishauri nimwage tripu 80 za kifusi sasa hivi kabla ya mvua za Desemba, tuanze msingi, umeme na maji vije jengo likishasimama. Wengine wananiambia nichimbe kisima changu. Nianze na lipi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Salama, ndugu yangu, na hongera kwa kiwanja. Kwanza mwambie fundi asimamishe malori. Simlaumu, anakupa ushauri ambao umefaa kwa nyumba nyingi za kuishi zilizojengwa kwenye udongo mwekundu au wa kichanga. Kwa udongo unaoueleza, na kwa jengo la biashara, kifusi kikitangulia kitakufungia mambo mengi ambayo bado hujayaamua.

Tupige hesabu ya hizo tripu. Tipa la kawaida tulichukulie linabeba mita za ujazo 15 za kifusi kilicholegea, kwa hiyo tripu 80 ni mita za ujazo 1,200. Kikishindiliwa sawasawa kinapungua kama moja ya tano, unabaki na 950 hivi. Ukikitandaza kiwanja kizima unapata unene wa sentimita 32 tu. Udongo mweusi utakuwa umeuficha, hujaubadilisha.

Udongo huo wa mbuga huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, halafu ukame mrefu. Mabadiliko hayo ya unyevu yanaweza kushuka mita mbili hata tatu ardhini. Jengo likikaa juu yake, katikati hubaki na unyevu ule ule kwa kuwa kumefunikwa, pembeni kunalowa na kukauka kila mwaka, na kuta zinaanza kupasuka kwa mshazari kuanzia kona za milango na madirisha. Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni kwamba jengo jepesi ndilo linaloumia zaidi. Ghorofa ina uzito unaosaidia kuukandamiza udongo, lakini sakafu ya ghala haina. Mimi ningelihofia ghala lako la nyuma kabla ya maduka ya mbele. Kwa sababu hiyo hiyo, majengo hayo mawili yasishikane kuta wala msingi, kila moja liachwe licheze peke yake.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye uchunguzi wa udongo. Yachimbwe mashimo yasiyopungua manne yenye kina cha mita tatu: mawili mbele, mawili chini ya ghala. Zichukuliwe sampuli kila tabaka linapobadilika, na kwa upande wa ghorofa wakuchimbie pia kwa mashine ili ijulikane udongo unabeba uzito gani kila unaposhuka. Maabara watakupa vipimo vingi, lakini kuna kimoja ambacho wewe mwenyewe unaweza kukiangalia kikifanyika: unga wa udongo mkavu uliochekechwa, sentimita za ujazo 10, unamiminwa kwenye chupa ya vipimo yenye mililita 100 za maji na kuachwa hadi utulie chini, kwa kawaida siku nzima. Ukikuta umefika 15 au zaidi, ujue uvimbaji wake si wa kupuuza. Ukifika 20, umeongezeka maradufu, na hapo msingi wa kawaida wa mkanda (ule unaofuata kuta kwenye mtaro usio na kina) usiukubali kabisa.

Majibu ndiyo yatakayoamua aina ya msingi. Sehemu nyingi za Dodoma mwamba wa granaiti uliooza hauko mbali chini, na ukiupata kwenye mita mbili au mbili na nusu, nafuu yako iko hapo: besi za nguzo zishushwe hadi kwenye mwamba huo, na mkanda wa chini uninginie bila kuugusa udongo mweusi. Kama mwamba uko mbali, mhandisi anaweza kuamua mchimbe na kuondoa mita moja au moja na nusu, mrudishie moramu (changarawe yenye udongo) isiyovimba kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kwa kiasi, lishindiliwe kwa rola na kupimwa kabla ya linalofuata. Chonde chonde, usikubali shimo hilo lijazwe mchanga mtupu kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Mchanga ndani ya mfinyanzi hugeuka beseni: maji ya mvua yanaingia, hayana pa kutokea, na yanaulowesha udongo mweusi wa chini mwaka mzima. Dodoma pia ipo katika ukanda wa Bonde la Ufa na matetemeko husikika, kwa hiyo hesabu za nondo zizingatie hilo.

Sasa nije kwenye hilo la umeme na maji kufuata baadaye, kwa sababu hapa ndipo watu wa biashara wanapopoteza fedha nyingi zaidi. Kabla ya lori la kwanza, mpima ardhi ahakikishe bikoni zako (alama za mipaka) zipo, kisha apime vimo vya kiwanja kizima kila baada ya mita tano au kumi, pamoja na kimo cha barabara na cha chini ya korongo. Karatasi hiyo moja ndiyo inayoamua sakafu ziwe juu kiasi gani. Mfano: bomba la maji taka likiwa na mteremko wa 1 kwa 60, kutoka ghala hadi mbele ya kiwanja linashuka mita nzima, na kiwanja chako chenyewe kinateremka upande wa pili. Siku DUWASA (mamlaka ya maji na maji taka ya Dodoma) wakileta bomba kubwa la maji taka barabarani, vyoo vya nyuma havitaweza kuunganishwa bila pampu. Ushauri wangu ni vyoo vyote vikae kwenye jengo la mbele.

Kwa sasa utatumia tangi la maji taka. Angalizo ni kwamba shimo la kunyonya halinyonyi kwenye mfinyanzi. Chimba kishimo pale unapotaka kuliweka, kijaze maji usiku kucha, asubuhi ongeza maji na upime yanavyoshuka. Yakishuka chini ya milimita 25 kwa saa, achana na shimo la kunyonya. Jenga tangi lisilovuja, mahali ambapo gari la kunyonya litafika bila kukanyaga mabomba mengine.

Maji ya mvua nayo yana hesabu yake. Tuseme paa na maegesho vitachukua mita za mraba 2,400. Mvua moja ya milimita 50 inakupa lita 120,000, na kwenye zege hazizami. Zielekezwe kwenye mtaro uliojengwa, zishuke korongoni kwa ngazi za mawe ili zisilimomonyoe, zisipite kwa jirani. Kuzunguka majengo weka zege la pembeni lenye upana wa mita moja na nusu likiinamia nje, na usipande miti karibu na kuta.

Kuhusu umeme, orodhesha mzigo kabla ya kwenda TANESCO. Tuseme maduka, ofisi, pampu na vyumba vya baridi vinafikisha kilowati 140, na vinavyowaka kwa wakati mmoja ni asilimia 60, yaani 84. Gawanya kwa 0.85 (kile wanachokiita power factor), unapata karibu kVA 99, kipimo kinachotumika kwa ukubwa wa transfoma. Transfoma ya 100 itakuwa imejaa siku ya kufungua duka, hivyo omba ya 200 na uitengee nafasi kwenye mpaka wa mbele, gari la mafundi lifike. Barua ya maombi ipeleke mwezi huu huu, na ya DUWASA pamoja nayo, ukiuliza bomba la karibu lina kipenyo gani na msukumo wake ukoje. Majibu yao yanaweza kubadilisha mchoro mzima, na ni bora yabadilishe mchoro kuliko zege. Kisha, wakati wa kushindilia, yazikwe mabomba matupu ya milimita 100 chini ya kila njia ya magari: mawili ya umeme, moja la mawasiliano, moja la akiba, na juu ya kila moja utandazwe utepe wa tahadhari. Ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kuja kukata maegesho yaliyokwisha kumwagwa zege.

Makaratasi nayapitia kwa haraka, ila mawili yanaweza kukuzuia kabisa. Hati yako inasema matumizi gani? Tangu CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) ilipovunjwa mwaka 2017 mambo ya ardhi ya mji yako halmashauri ya jiji, na kama hati inasema makazi, badilisha matumizi kwanza ndipo uombe kibali cha ujenzi. La pili ni hilo korongo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kiwanja chako kina urefu wa mita 60. Muulize afisa mipango miji, kwa maandishi, kama korongo hilo linahesabiwa mto. Kama kiwanja kinagusana na barabara kuu, hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na njia ya kuingilia inaombwa TANROADS (wakala wa barabara kuu). Barabara za mtaa ni za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Mkandarasi awe amesajiliwa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), na fundi wako anaweza kufanya kazi chini yake.

Kisima nacho usikikimbilie. Kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na maji ya Dodoma sehemu nyingine yana chumvi kiasi cha kuharibu pampu na bomba za chuma. Kiwe mita 30 kutoka tangi lako la maji taka na la jirani pia, na kwenye kiwanja cha mita 50 kwa 60 huenda mahali hapo pasipatikane. Ningeanza na DUWASA pamoja na tangi la akiba la siku tatu, likae juu ya ardhi, kwa sababu tangi la kuzikwa kwenye udongo huo hupasuka na kuulowesha msingi bila mtu kujua. Ukiamua kuchimba kisima, mkataba useme wazi kwamba malipo ya mwisho yanatolewa baada ya pampu kufanya kazi saa 24 mfululizo na majibu ya sampuli ya maji kutoka maabara.